Mdoli wa Mama Mkubwa

Gauni la kwanza nililomshonea mama mkubwa wangu wa Newala lilirudi na basi siku ya tatu, limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa kaki, na kikaratasi juu yake: "Mwanangu, pindo la nyuma limepanda hadi aibu." La pili lilirudi baada ya wiki mbili. La tatu halikurudi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, maana nilijua amelipokea kwa kunihurumia na kulifungia sandukuni.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kipo Mtwara mjini, si mbali na soko la Chikongola, na nimeshona magauni ya harusi, ya msiba na sare za vikundi vya akina mama mpaka nimepoteza hesabu. Lakini mwili wa mama mkubwa ulinishinda. Zamani alikuwa mrefu. Sasa mgongo umepinda, kibyongo kimejitokeza zaidi upande wa kulia, bega la kushoto limeshuka na tumbo limesogea mbele. Futi haizijui habari hizo. Futi inasema kifua 96, kiuno 90, hipsi 101, basi. Inakupa urefu wa safari, haikuambii njia imepita mlima gani.

Kumwita mjini kila nguo ijaribiwe mwilini nako ni adhabu. Wakati ule lami iliishia Mnivata. Kutoka hapo kupanda Newala basi linakurusha mpaka mtu mzima wa mgongo anaumwa, seuze yeye. Na midoli ya kuvalishia nguo haikusaidia. Pita kwenye maduka uitazame ilivyojipanga: vifua juu, viuno vya nyigu, hakuna hata mmoja aliyewahi kujitwisha ndoo.

Nikaamua kuchukua umbo lake lenyewe, kalibu ya mwili wake kutoka shingoni hadi mapajani, nitoe humo mdoli wa kushonea. Niliposema hivyo nilidhani kazi kubwa itakuwa kuthubutu. Kumbe kuthubutu ni siku moja tu. Kuchagua cha kumpaka mtu kulinichukua miezi mitano.

Jaribio la kwanza nilijifanyia mwenyewe. Mwanafunzi wangu alikuwa ameona kwenye simu watu wakivaa fulana kuukuu, wakizungushiwa mkanda mpana wa gundi, ule wa kijivu, kisha fulana inachanwa mgongoni, inavuliwa, inazibwa na kujazwa vitambaa. Ni njia rahisi, na kwa mwenye mgongo ulionyooka sina ubaya nayo. Sisi tulifanya saa nane mchana, mwezi wa Februari. Februari ya Mtwara haimpi nafuu hata aliyejifunga kanga moja, sembuse aliyefungashwa kama mzigo wa basi. Dakika ya 25 jasho lilikuwa limefika visiginoni na mimi naona nyota.

Lakini jasho halikuwa tatizo kubwa. Nilikuwa nimejiwekea kimto mgongoni, chini ya fulana, kuigiza kibyongo cha mama mkubwa. Tulipolijaza lile ganda kwa sufi, kibyongo kikatawanyika mgongo mzima. Ganda laini ukilijaza linataka kuwa mviringo kama gunia. Palipochomoza panarudi ndani, palipobonyea panatoka nje. Mgongo wa mama mkubwa ungepona kwenye mdoli tu, na pindo lingeendelea kupanda.

Basi nilihitaji ganda gumu. Jirani yangu ni fundi jipsamu, anatengeneza mikanda ya dari kwa kumwaga jipsamu iliyochanganywa na nyuzi za katani kwenye kalibu zake mwenyewe. Nikamweleza. Akafurahi kweli. "Dada, hilo dogo. Mlaze kitandani, mjengee kingo za mbao pande zote, tumwage. Dakika 20 umemaliza."

Nilikaa nikifikiria, kwa kuwa nimeshawahi kushika kalibu zake zikiwa zinaganda, na najua zinavyopata moto.

Jasi, ndiyo hiyo jipsamu, ni jiwe lenye maji ndani yake. Kwetu kusini linachimbwa Kilwa, huko Makangaga. Lile lililoupa unga wake jina la plasta ya Paris lilichimbwa kwenye kilima cha Montmartre. Ukilioka jiwe hilo kwenye nyuzi 150 hivi za Selsiasi linapoteza robo tatu ya maji yake na kubaki unga. Ukiurudishia unga maji yake, unarudi kuwa jiwe, na unaporudi unatoa joto. Tabaka jembamba joto lake linapotelea hewani, mtu anahisi uvuguvugu tu. Bonge nene halina pa kulipeleka, linalituliza humo humo, na aliyemo ndani ndiye anayelipokea. Mwaka 2007 huko Uingereza, msichana wa miaka 16 alitumbukiza mikono kwenye ndoo ya plasta katika kazi ya sanaa. Plasta ikamganda, akashindwa kuitoa, na kuungua kule kukamgharimu vidole karibu vyote. Nilipomsimulia jirani alivitazama viganja vyake, akasema, "Kumbe ndiyo maana inachoma," kama mtu aliyepewa jibu la swali la miaka mingi.

Nikamwendea fundi wa meno bandia ninayemfahamu. Yeye hutumia aljinati, unga unaokorogwa na maji ukawa uji, ukiuingiza mdomoni unaganda kama ugali mlaini wenye mpira mpira, haupati moto wala haung'ang'anii ngozi. Akanipa pakiti moja ya karibu nusu kilo. Nilitumbukiza mkono wangu wa kulia kwenye kopo la uji huo, nikahesabu, nikauchomoa polepole, nikamwaga jipsamu ndani ya shimo lililobaki. Jioni nikabandua.

Jamani. Mistari ya kiganja yote. Sugu ya kidole cha kati, pale ninaposukumia sindano. Kovu la mkasi la miaka ile nikijifunza kazi. Hata kucha iliyochanika asubuhi yake. Niliuweka mkono ule juu ya meza ya kukatia na wateja wakawa wanaugusa kwanza ndipo wanisalimie.

Kwa siku kama nne sikutaka kusikia habari ya kitu kingine. Nikajua pia kwamba aljinati inatokana na mwani, nikaruka: si ndio huu wanaolima akina mama wa Naumbu na Mgao? Sio. Mwani wetu, kotonii na spinosamu, ni mwani mwekundu na hutoa karajinani, ile ya kuvipa vyakula uzito. Aljinati inatoka kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Ndoto ikafia hapo, ingawa bado naona kuna mtu mwenye akili kuliko mimi atakayeufanyia kitu mwani wetu zaidi ya kuukausha na kuusafirisha.

Kisha nikapiga hesabu, na hesabu haina huruma na mtu aliyependa. Mkono mmoja umekula nusu kilo. Kiwiliwili, mbele na nyuma, kingekula kilo nyingi, na bei yake ilikuwa inanusa bei ya cherehani mpya. Ile ya meno huganda ndani ya dakika mbili tatu, ambazo hazitoshi hata kufika kiunoni; ya mwili, inayochelewa, ni ya kuagiza mbali. Ikishaganda inaanza kupoteza maji na kusinyaa, hivyo lazima umwage nakala siku hiyo hiyo, palepale, na kalibu yenyewe hutumika mara moja. Tena ni laini mno kujishikilia, inataka ivalishwe koti gumu la bendeji za plasta juu yake. Kwa maneno mengine, anayechagua aljinati amechagua na plasta; mtu wako anavishwa makoti mawili na anasimama muda wa makoti mawili.

Binti yangu ndiye aliyeitetea mpaka mwisho, na hoja yake ilikuwa nzito. Mama mkubwa ana nembo. Alichanjwa akiwa msichana, tumboni na mgongoni, mistari na pembe zilizopangika kwa namna ambayo mkono wa siku hizi hauijui tena. "Mama, bendeji itachukua umbo tu. Aljinati itachukua na nembo. Wakiondoka hawa nani atatuonyesha?" Sikuwa na jibu. Nikampigia simu mwenyewe.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Gauni limefikia wapi?"

Nikamweleza yote: unga, uji, nembo, kumbukumbu. Akanisikiliza, kimya kirefu, nikadhani mtandao umekata.

"Hizo zimeonwa na waliostahili kuziona," alisema. "Wewe unataka kuniweka dukani, kila anayekuja kupunguziwa suruali anishike tumbo? Shona gauni."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nauliza swali kwa kuanzia mkiani. Nilikuwa nalinganisha vifaa kwa uzuri wa kile kitakachotoka, wakati kuna mtu atakayekuwa ndani, wa miaka sabini na kitu, ambaye miguu yake inamruhusu kusimama dakika 20, akivumilia 25, na ambaye ana vitu vya kuonyesha na vitu vya kuficha. Gauni halihitaji mistari ya kiganja. Linahitaji kujua mlima uko wapi na una urefu gani.

Silikoni niliitupa nje haraka. Inayofaa ngozi ni ile inayogandishwa kwa platini (ya bati si ya kumpaka mtu), na bei yake sitaki hata kuitaja. Zaidi ya hapo, silikoni ya platini inagoma kuganda ikigusana na salfa. Hata glovu za mpira wa kawaida zinaiharibu. Sasa mtu wa Mtwara mwenye mikorosho, kuanzia mwezi wa sita wanapoipulizia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, ipo kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye mashuka. Ningenunua dhahabu ikanibakia uji.

Kuna mchongaji mmoja wa Kimakonde, mzee, hununua kwangu vipande vya kitambaa vya kung'arishia mpingo. Alinicheka waziwazi. Alisema babu zake walichonga barakoa za mwili mzima, kifua na tumbo la mjamzito na nembo zake, akavaa mwanamume akacheza nayo, na hakuna mwanamke aliyepakwa uji. Jicho linatosha. Sikumbishia, ila baadaye nilikuja kusoma kwamba dharau hiyo ni ya zamani na ya dunia nzima: mwaka 1877 Auguste Rodin alipoonyesha sanamu yake ya kijana aliyesimama uchi, wakosoaji walimshuku kwamba hakufinyanga, amechukua kalibu ya mtu hai, na ilimbidi ahangaike kujitetea. Kwa mchongaji kalibu ni wizi. Mimi si mchongaji. Jicho langu ndilo lililoshona magauni matatu yasiyomkaa mama mkubwa.

Ikabaki bendeji ya plasta, ile ile ya kumfungia mtu aliyevunjika mfupa. Ni kitambaa chembamba kilichotiwa unga wa plasta, roli ya mita 2.7, unakata vipande, unachovya, unabana, unalaza, unapapasa mpaka matundu yazibe. Nilinunua roli 12 za upana wa sentimita 15 kwenye duka la vifaa vya tiba, muuzaji akaniuliza ajali ilikuwa wapi.

Nilizifanyia majaribio kwenye goti la mwanafunzi wangu kabla ya kupanda Newala, na hapa nitazungumza kidogo, maana ndiko nilikojifunza mengi. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na bendeji iliyochovywa humo iliganda kwa dakika 4; ya maji ya mvua ilikwenda 6. Chumvi inaharakisha plasta. Maji ya moto nayo yanaharakisha, lakini yanaongeza joto juu ya joto, ndiyo maana sikuyataka kabisa. Maji yaliyokwisha kutumika, yenye tope jeupe chini ya beseni, yanaharakisha pia, kwa sababu yale makombo yaliyoganda yanaufundisha unga mpya namna ya kuganda; ukitaka muda ulio sawa, badilisha maji. Ukitaka kuchelewesha, siki kidogo au maji ya ndimu. Tabaka tatu zilipinda tulipoibandua, nne zikasimama, sita zilikuwa uzito wa bure. Na roli iliyokaa wazi usiku mmoja kwenye unyevu wa masika ilitoa mabonge ikamumunyika kama andazi la juzi. Tangu hapo zinakaa kwenye debe lenye mfuniko.

Tulipanda Newala mwezi wa Julai, mimi, binti na mwanafunzi. Nilichagua Julai kwa ajili ya ubaridi, ili asitoke jasho. Ubaridi huo huo nusura uniaibishe.

Mama mkubwa alivaa fulana ya kubana na suruali ya kubana ya mjukuu wake, jambo lililowachekesha wanawake wote wa nyumba ile. Juu ya fulana tukamzungushia nailoni nyembamba ya kufungia chakula, mizunguko miwili, bila kubana. Wengi wanapaka mafuta ya mgando moja kwa moja kwenye ngozi kisha bendeji juu. Kwa ngozi changa sawa. Ngozi ya mzee ni karatasi, kinyweleo kimoja kikishikwa na plasta kinaondoka na chake. Mafuta tulipaka shingoni, mikononi na kwapani tu, palipobaki wazi.

Halafu tukatafuta mstari wa kugawa. Kwenye gauni mshono wa ubavuni unashuka wima, na mkono wangu ulienda huko wenyewe. Ningefuata mazoea tungemkwamisha. Kalibu ya vipande viwili lazima igawanywe juu ya ukingo, pale mwili unapokuwa mpana kuliko pande zake zote, la sivyo kipande kimoja kinamkumbatia na hakitoki. Kwa mtu aliyepinda ukingo huo haushuki wima. Upande wake wa kulia ulirudi nyuma karibu vidole vinne, wa kushoto ukaja mbele, ukapita chini ya kwapa kama njia ya mbuzi. Niliufuata kwa kiganja, nikauchora kwa kalamu ya wino juu ya nailoni.

Swali la mwisho lilikuwa asimame vipi. Akikaa, tumbo linapanda na paja linakata umbo. Akilala, kibyongo kinasukumwa na kitanda. Na vipande vyote viwili vichukuliwe kwa mkao mmoja, vinginevyo havitakutana. Tukamsimamisha ameshika ngazi ya mbao kwa mikono miwili, kama anavyoushika mkongojo wake, na kiti nyuma yake kwa dharura.

Tulianza na mgongo, kwa sababu yeye angali na nguvu na kwa sababu mgongo ndio habari yenyewe. Binti anachovya, mimi nalaza, mwanafunzi anapapasa. Nilimwomba mama mkubwa asinyamaze. Mtu akinyamaza wakati anapakwa hubana pumzi, na ganda likiganda amebana pumzi litakuwa dogo kuliko yeye. Akasimulia walivyokuwa wakiteremka bondeni usiku kufuata maji, enzi mabomba hayajapanda huku juu, wasichana kwa wanawake, wanapanda na alfajiri mtungi kichwani. Alipofika kwenye habari ya chui tulikuwa tumemaliza tabaka ya nne.

Dakika ya 6 ikapita. Nikagonga kwa ukucha: laini. Ya 8: laini. Maji ya tangi la mvua la Newala, asubuhi ya Julai, ni baridi kama ya mtungini, na hayana hata chembe ya chumvi. Nilikuwa nimejaribu kila kitu kule Mtwara isipokuwa Newala. Dakika ya 10 magoti yake yakaanza kutetemeka, akaegemea ngazi kwa kifua, na ukingo wa chini wa ganda, upande wa hipsi ya kushoto, ukakunjika. Niliuona. Sikuweza kuurekebisha bila kuubomoa, nikauacha.

Ulipoganda tukamkalisha akiwa na ganda lake mgongoni, limefungwa kwa kanga, akanywa chai. Mimi nikaomba chumvi jikoni. Kijiko kimoja cha chai kwenye beseni la maji mapya. Najua chumvi inaidhoofisha plasta kidogo na inaweza kuitoa unga mweupe ikikauka, lakini kalibu hii ilikuwa ya kazi moja. Tulimsimamisha tena, mikono palepale kwenye ngazi, nikapaka mafuta ya mgando kwenye ukingo wa kipande cha nyuma ili cha mbele kiulalie bila kushikamana nao, tukaenda mbio. Mbele paliganda kwa dakika 5. Alihisi joto? "Kama chapati iliyopoa," alisema. Jumla alisimama dakika 31, nje ya kile nilichomwahidi, na nilimwomba radhi mbele ya watu.

Kumvua: tulimwambia avute tumbo ndani, apandishe mabega, ajitikise. Cha mbele kikatoka na sauti ya busu. Cha nyuma kikafuata. Tulikiweka mkekani, kimejifunua, kibyongo kikiangalia juu. Mama mkubwa alikaa akakitazama. Hajawahi kuuona mgongo wake, nani amewahi? Akakipapasa kwa kiganja, taratibu, toka bega hadi kiuno.

"Kumbe ni kikubwa hivi."

Hakuna aliyesema kitu. Kisha akaomba uji.

Kuvishusha Mtwara kulinipa mawazo kuliko kuvitengeneza. Ganda la bendeji ambalo halijakauka hadi ndani linajifungua taratibu, kingo zinaachana. Tulikata fito za mianzi tukazifunga kukingama kila kipande, bega kwa bega, hipsi kwa hipsi, tukavilaza kwenye matenga mawili yenye pumba. Haya si maarifa mapya kwetu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walipochimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, dinosaria, kwenye kilima cha Tendaguru, vipande vilivyotaka kupasuka vilifungwa kwa mianzi na kubebwa vichwani na wapagazi hadi bandari ya Lindi, msimamizi wa wachimbaji akiwa Boheti bin Amrani. Ilisafiri hadi Berlin. Mimi nilikuwa naomba yangu ifike Chikongola. Ilifika, isipokuwa kona moja ya bega, nikaizibia kwa kipande cha roli.

Kuhusu kujaza nitakuwa mfupi. Jipsamu tupu ingekuwa zaidi ya kilo 40 na pini isingeingia. Faiba, ile wanayotengenezea boti, ni nyepesi na haivunjiki, lakini pini haiingii pia, na moshi wa dawa yake hautaki chumba cha watu. Nikarudi kwenye magazeti na gundi ya unga wa muhogo. Nilikausha kalibu juani siku 6, nikapaka ndani sabuni ya mche iliyoyeyushwa, mapako matatu, kisha mafuta. Vipande vya gazeti vikachanwa kwa mkono, si kwa mkasi, maana ukingo uliochanika unalala na uliokatwa unaacha ngazi. Tabaka 8, mbili mbili, kila mara juani. Nilipobandua nikaunganisha nusu mbili, nikapaka vanishi ndani na nje kwa ajili ya mende, ambao uji wa muhogo wanauona karamu. Karatasi ilikuwa imesinyaa kama sentimita 2 kiunoni. Nikaivisha sponji nyembamba na kitambaa cha pamba kilichovutwa, namba zikarudi. Ile hipsi iliyokunjika niliijaza kwa kukisia.

Gauni la nne nililikata juu ya mdoli wenyewe, bila futi kwanza. Kipande cha nyuma kilikuja kirefu kuliko cha mbele kwa sentimita 7 katikati. Sentimita saba! Na bega la kushoto chini kwa 2.5. Nisingethubutu kukata hivyo kwa jicho, ningedhani nimelewa. Likapanda basi, likakaa. Jioni akapiga simu, hakusema asante, alisema amepita sokoni mara mbili.

Mdoli unakaa kona ya ndani, si dirishani, na kila nikifunga kazi naufunga kanga. Hilo lilikuwa sharti lake. Wateja wachache huuliza ni nani. Nawaambia ni mama.

Miezi imepita, na gauni la saba limerudi. Pindo limepanda tena, kidogo. Mgongo haukusubiri magazeti yangu. Kuongeza juu ya mdoli ni rahisi, sponji na sindano, lakini amekonda kifuani, na karatasi haipungui bila kukatwa. Nilimpigia kumwambia nataka tuanze upya. Nimebakiwa na roli moja kwenye debe, nyingine nitanunua.

"Njooni baada ya korosho," alisema. "Na chumvi mje nayo. Ile mlimaliza yangu."